Nani Alichimba Korongo?

Hapo zamani za kale (sogeeni karibu, na wewe unayetafuna muwa punguza kelele) Bi Pimbi alikaa na wanawe pangoni, juu ukutani mwa korongo, na mto ukipita chini kabisa. Alikuwa ameridhika, hana kinyongo na mtu.

Siku moja Kiboko akatoka majini, pwaa!

"We Pimbi! Korongo hili nimelichimba mimi kwa meno yangu haya. Hamisha watoto wako leo hii!"

Bi Pimbi pango jingine hakuwa nalo, akajibu:

"Hee! Wewe, Bwana Kiboko? Mbona mlangoni kwangu pana mawe ya mviringo, laini, kama yale ya mtoni? Nani huyalainisha ila maji? Basi zamani mto ulipita huku juu, ukakata mwamba kidogo kidogo mpaka huko chini. Tabaka jekundu la upande huu, na ng'ambo lipo, kimo kilekile. Ulikuwa mwamba mmoja! Bibi yangu alichora alama mwambani, usawa wa maji ya kiangazi, na mpaka leo mto umeshuka unene wa ukucha tu. Je, korongo zima lina umri gani, na wewe una umri gani?"

"Porojo! Nimechimba mimi!"

Mara, ndi! ndi! ndi! Tembo huyo, anakuja kunywa maji kama kawaida yake. Bi Pimbi akashuka mbio mpaka sikioni kwa Kiboko, akamnong'oneza:

"Afadhali umekiri. Udongo uliotoka humu umefukia shamba la Tembo kule bondeni. Anamtafuta aliyechimba, aubebe mgongoni, aurudishe."

"Wote?"

"Mpaka chembe ya mwisho!"

Tembo alipofika tu, hata hodi hajapiga, Kiboko akapaza sauti:

"Si mimi, ndugu yangu! Wallahi, ni mto! Tazama mawe mlangoni kwa Bi Pimbi, yamelainishwa na maji! Tazama matabaka, huku na ng'ambo ni mamoja! Mto ulianza kukata babu wa babu yangu hajazaliwa!"

Tembo akamkodolea macho. "Kwani nani kakuuliza? Mimi nina kiu tu."

Bi Pimbi akacheka, kwi kwi kwi! "Umesikia, Tembo? Korongo si lake, kasema mwenyewe. Wewe ndiye shahidi wangu!"

Kiboko akazama, chubwi! Wana wa Pimbi wakaendelea kulala palepale walipozaliwa.

Basi, wanangu, ukijitwalia sifa za kazi usiyoifanya, jiandae kubeba na lawama zake.