Kona ya Kalavati

Chumba cha nyuma katika nyumba moja, hapo zamani kilikuwa stoo. Siku hizi kilikuwa na skrini tatu zilizopangwa nusu duara, usukani uliofungwa mota ya kuutia ukaidi, kanyagio tatu za chuma, na kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu. Mwenye chumba alikuwa binti mmoja mhandisi, ambaye kazi yake ilikuwa kutengeneza barabara za michezo ya kompyuta ya mbio za magari, zifanane na barabara za kweli hadi kokoto ya mwisho.

Msidhani ni ile michezo ya kitoto, ya kukanyaga mafuta mwanzo mwisho, ukigonga ukuta unaendelea na safari yako. Thubutu! Katika mtambo huu ukifunga breki kwa pupa, tairi hugoma kuzunguka, na gari hushika njia yake lenyewe hata ugeuze usukani vipi. Tairi zikiwa baridi huteleza. Zikipata moto kupita kiasi huteleza zaidi. Mafuta yakipungua kwenye tangi, gari huwa jepesi na tabia yake hubadilika. Vijana waliojiona mafahali wa barabarani walikalia kiti kile wakitamba, na punde si punde waliinuka jasho likiwatiririka, wakisingizia kanyagio. Binti alicheka tu. Alijua udereva halisi hauna huruma, naye hakutaka mtambo wake uwe na huruma.

Mtu mmoja tu aliuendesha mtambo ule kama anayepiga gumzo nao, naye ni baba yake. Enzi zake mzee huyo alikuwa dereva wa mbio za magari, na watu walimwita Kimbunga. Sifa zake zilikatikia kwenye barabara moja ya zamani, mahali palipoitwa kona ya kalavati. Gari lake liliruka pale, likabiringika hadi mtaroni. Yeye alitoka na michubuko. Mdogo wake, aliyekuwa msoma njia, yaani anayeketi kando ya dereva na kumtajia kona kabla hajazifikia, alivunjika nyonga. Tangu siku hiyo anachechemea.

Kimbunga alisema barabara ilikuwa na nundu iliyolirusha gari. Waamuzi wakaenda na gari lao, wakapita hapo mara mbili, wakarudi na kauli moja: nundu haipo, dereva alilewa sifa. Pengine angeyameza hayo, lakini mdogo wake naye aliwaunga mkono waamuzi. Undugu ukaingia mchanga. Wakawa wanakutana misibani tu, huyu akiingia yule anatoka. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Basi majirani wa ndugu hawa walilima mpaka majembe yakalika, na mavuno hawakuyaona.

Jambo hilo lilimkereketa binti. Baba mdogo ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, akimkimbilia nyuma kwa mguu wake mbovu. Na baba yake alianza kusema maneno yasiyopendeza.

"Nitazikwa naitwa mwongo, mama," alisema siku moja, kwa kuwa binti huyo alirithi jina la bibi yake mzaa baba. "Watasema Kimbunga alimvunja mdogo wake kwa kiburi, kisha akaisingizia barabara."

Hapo binti akapiga moyo konde. Barabara ile haikutumika tena kwa mbio, kwani mpya ilikuwa imejengwa upande wa pili wa kilima, lakini picha zake zilizopigwa kutoka angani zilipatikana, na ramani zake pia. Akaketi kwenye kiti chake chenye magurudumu, kikombe cha chai mkononi, akaijenga barabara yote kwenye kompyuta. Miti ikasimama mahali pake, vivuli vikaanguka panapostahili. Ilipokamilika akamwita baba yake.

Mzee akaingia kitini, akakoleza mwendo. Mwanzoni alikuwa akitabasamu. Alizitambua kona moja moja kwa majina, akapanda gia, akashuka gia, bega likifuata usukani. Kisha akaifikia kona ya kalavati kwa mwendo uleule wa siku ile. Gari likaikata kona kama kisu ndani ya siagi, likatulia, likaendelea mbele.

Mzee akasimamisha gari. Akaondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani.

"Hata wewe, mama?" akauliza taratibu, akainuka na kutoka.

Maskini binti! Alibaki ameshika tama. Mtambo aliouunda ili kumtetea baba yake ulikuwa umemtolea ushahidi wa kumkandamiza. Kibaya zaidi, alianza kujiuliza swali ambalo hakuwahi kujiuliza: na kama waamuzi walisema kweli?

Kesho yake akaenda mwenyewe kwenye barabara ile. Akalipitisha gari lake polepole juu ya kalavati, hakusikia kitu. Akarudia, hakusikia kitu. Akashuka, akasimama katikati ya lami, akaangaza macho. Barabara ilionekana tambarare, kivuli cha mti mkubwa kimelala juu yake. Alikaribia kukata tamaa arudi nyumbani. Halafu, kwa kukosa la kufanya, akapiga magoti, akainama, akalaza shavu lake kwenye lami na kuitazama barabara kutokea chini.

"Loo!" akajisemea.

Lami ilikuwa imevimba juu ya kalavati, na kabla ya uvimbe huo na baada yake imedidimia. Kwa mtu aliyesimama, kivuli kilifuta kila kitu. Kwa gari la mwendo wa pole, ilikuwa kama kupita juu ya godoro. Lakini gari linalokwenda kasi, tena limeegemea upande kwa sababu ya kona, lingebonyea, lingenyanyuka, na dereva angebaki ameshika usukani usioongoza kitu.

Akatoa rula ndefu ya mafundi na kuanza kupima, hatua kwa hatua, akitambaa kwa mikono na magoti. Jua likamchoma mgongo. Wanawake wawili waliokuwa wakipita wakasimama kumtazama.

"Dada, umeangusha hereni?" mmoja akauliza.

"Nimeangusha zaidi ya hereni," akajibu bila kuinuka, nao wakaangua kicheko, wakaenda zao.

Alirudi nyumbani na magoti yaliyochubuka, akaingiza vipimo vyote kwenye mtambo. Kisha akampigia simu baba mdogo. "Njoo unioneshe baba alikosea wapi," akamwambia. Hakuna mwaliko ambao mzee yule angeupenda kuliko huo. Alifika akichechemea, akashusha mguu wake kitini kwa shida, akashika usukani kama mwalimu anayeshika chaki.

"Tazama vizuri," akasema. "Kaka aliingia hapa kwa pupa. Mtu mwenye akili timamu anapunguza kidogo, hivi."

Akapunguza. Akaingia kwenye kona. Usukani ukampiga mikono, mara ukawa mwepesi kabisa, na skrini zote tatu zikajaa mbingu. Gari likabiringika.

"Umenitega!" akafoka.

"Sikukutega, baba mdogo. Nimepima kwa mikono yangu."

Akajaribu tena kwa mwendo mdogo zaidi. Akaishia mtaroni. Akafuta jasho, akajaribu tena, safari hii akitambaa kama gari la maharusi. Akapita salama, na usukani haukutikisika.

"Ukienda polepole haipo," akasema, sauti imemshuka.

"Ndivyo waamuzi walivyopita."

Baba mdogo akaachia usukani. Akalipapasa paja la mguu wake mbovu. Alipogeuka, kaka yake alikuwa amesimama mlangoni. Kelele za gari zilikuwa zimemtoa sebuleni, naye aliyaona yote.

"Kaka," baba mdogo akasema, na macho yake yalikuwa yamelowa, "mimi ndiye niliyekuwa msoma njia. Kukuambia kuna nundu ilikuwa kazi yangu, si yako. Niliona heri nikuite mwenye kiburi kuliko kujiita mzembe."

Kimbunga angeweza kunyamaza, apokee ushindi wake. Aliungoja kwa miaka mingi, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alisogea, akashika egemeo la kiti.

"Kabla ya mbio, ulipotaka tushuke tuikague barabara kwa miguu, nani alikataa?" akauliza. "Nilikwambia jua kali, tutaiona kwenye dirisha la gari. Umesahau?"

"Sikusahau. Nilijua ukikumbuka utaumia."

"Basi niumie. Wewe umeumia peke yako vya kutosha."

Binti akageuza uso ukutani, kwa maana machozi yalikuwa yakimtoka naye hakutaka kuwavurugia wazee. Baba yake akaingia kitini. Baba mdogo akavuta kigoda, akaketi kando yake, upande uleule wa zamani. Gari likakoleza mwendo. Sauti mbili zikaanza kwenda pamoja, moja ikisoma njia, nyingine ikiitikia kwa gia.

"Kulia, inakaza! Kalavati mbele, nundu! Punguza, nyoosha usukani, sasa!"

Kimbunga akanyoosha. Gari likanyanyuka kidogo, tairi zote nne zikatua kwa pamoja, likashika barabara. Wakapita. Mbele yao njia ikafunguka, ndefu, yenye jua.

"Nini kinafuata?" Kimbunga akauliza, mguu ungali kwenye mafuta.

"Sijui, kaka! Siku ile hatukufika hapa!"

Wakacheka, wakacheka mpaka gari likaingia majanini, na hakuna aliyejali. Binti aliwatazama, akasikia moyo wake umetulia. Ukweli ule ulikuwa umelala kivulini miaka yote hiyo. Madereva walipita juu yake, waamuzi walipita juu yake, na hata yeye alijaribu kuupata kwa picha za angani akiwa ameketi na chai yake. Haukupatikana hadi alipoweka shavu kwenye lami. Ama kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.