Ruhusa Zote za Meneja Ndelwa

Makarani wa ushirika wa wafugaji walitumia kanzidata moja, kila mtu na nywila yake. Meneja Ndelwa, mwenye sauti kubwa kuliko akili, akamwendea Sikudhani, karani aliyeitunza kanzidata hiyo.

"Nataka ruhusa ya kufuta na kubadili chochote. Ukikataa, kesho usije kazini."

"Nikatae nini, bosi? Fungua hapa, futa upendavyo."

Ndelwa akafuta majina ya wajane waliopangiwa kupewa mitamba ya ng'ombe, akaingiza ya shemeji zake. Siku ya kugawa, shemeji walifika na kamba, lakini majina yaliyoitwa yakawa ya wale wajane.

"Mbona hawa niliwafuta!" Ndelwa alifoka mbele ya mkutano mzima.

"Uliwafuta kweli, bosi," alisema Sikudhani. "Kwenye nakala niliyokuwekea uchezee. Kanzidata yenyewe tunaitumia sisi wenye kazi."