Mtoto wa Radi

Hapo zamani, chui walipokuwa bado wakishuka vilima vya Taita kuchukua mbuzi, aliishi mzee mgane aitwaye Mwandawiro. Nyumbani hakuwa na mwenzake ila mbwa wake, Radi. Chui alikuja, Radi akasimama mbele yake. Chui akarudi, Radi akasimama tena.

Kisha Radi akaanza kuzorota. Alikataa ugali, manyoya yakamtoka ubavuni. Mwandawiro akadhani ni uzee. Lakini jirani yake Wakesho, ambaye mumewe alifanya kazi mbali, alimpapasa mbwa tumbo akashtuka.

"Baba, huyu ana korodani moja tu. Nyingine ilibaki tumboni tangu azaliwe, na sasa imevimba. Beberu wetu alikufa hivi hivi. Apasuliwe, zitolewe zote mbili."

"Wamhasi Radi?" mzee aling'aka. "Afadhali afe dume!"

Wakesho hakuondoka. Alikaa pale pale, mbwa akiguna miguuni pake, mpaka mzee akafuta machozi. "Haya. Atakayeniokolea Radi nitampa mwanawe."

Radi alikuwa na mtoto mmoja tu aliye hai, dume jeusi kama yeye. Na akishapasuliwa, hatazaa tena.

Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda kwa daktari wa mifugo. Mchunga mbuzi Mghanga, ambaye Radi aliwahi kumng'ata paja, akajitwika mbwa mabegani na kuuvuka mto, maji yakimfika kifuani. Mzee alifuata nyuma. Mghanga aliteleza, bega likateguka, lakini hakumwachia mbwa.

Daktari wa mifugo, Mkamburi, alimsikiliza Radi moyo. "Mzee, moyo wake ni dhaifu, huenda asiamke."

Hata hivyo alimchoma dawa ya usingizi, akapasua, akatoa uvimbe mkubwa kama kiazi, akatoa na korodani ya pili, akashona. Mwandawiro alishika sikio la mbwa wake, akilihisi linapoa. Alimwita jina. Akamwita tena. Radi akafumbua macho.

Kidonda kilipopona, wote watatu wakafika kwa mzee kudai mtoto wa Radi.

Wakesho akasema, "Baba, nisingegundua na kukubembeleza, ungekuwa umeshamzika. Nami nalala na watoto peke yangu, chui anapita mlangoni."

Mghanga akasema, "Kujua ugonjwa hakumfikishi mgonjwa kwa daktari. Nilimbeba mbwa aliyening'ata, na bega hili sasa halirushi hata jiwe. Nani atanilindia mbuzi?"

Daktari naye akasema, "Kupasua ni kazi yangu, ningeweza kunyamaza. Lakini mbwa wangu mwenyewe aliugua hivi. Niliogopa kumpasua, akafa. Kwa Radi niliogopa vile vile, ila nilipasua. Natamani kulea tena."

Mwandawiro akamkumbatia mtoto wa mbwa. Alipiga hatua kwa Wakesho, akasimama. Akamgeukia Mghanga, kisha akamtazama daktari. Hakuna aliyesema uongo.

Haya, ninyi mnaonisikiliza, mzee bado amesimama uani na kijibwa kifuani: amkabidhi nani?