Pimbi Hana Muda

—Nije nisije?
—Njoo, tumekungoja!
—Nimekuja na hasira!
—Imwage tuione!

Palikuwa na Fisi, mwenye shamba, ghala na tumbo lisilojaa. Kibarua wake alikuwa Pimbi, mama wa watoto wadogo. Makubaliano yao yalikuwa haya: Pimbi alime, apike, avune, siku ya mavuno abebe mtama wote utakaoingia kwenye chombo chake mwenyewe. Chombo gani? Pimbi hakuwa na hata kikapu. Kila mwaka alirudi nyumbani na mtama wa viganjani, nusu ukimwagika njiani, na wanawe wakalala njaa.

"Si ujifunze kusuka!" Fisi akamcheka, hi-hi-hii. "Lakini wapi! Muda huna."

Maneno yale yakamchoma Pimbi. Alikasirika mpaka masikio yakatetemeka. Muda hana, na nani aliyeumaliza?

Akamwendea Mnana, ndege fundi wa viota. "Dada, nifundishe." Mnana akamwonyesha: huu juu, huu chini, vuta! Basi kila alipoinjika chungu, Pimbi alisuka ukindu mpaka maji yachemke. Huu juu, huu chini, vuta! Maji yakitokota, anaacha. Ukili wake wa kwanza, ule mkanda wa ukindu uliosukwa, ulipinda vibaya.

"Huo mkia wa nani?" Fisi akauliza, akautupa motoni. Pimbi akaanza upya.

Fisi akamwongezea kazi: nenda kateke maji! Vizuri. Mtungi kichwani, mikono mitupu. Huu juu, huu chini, vuta! Kafukuze ndege shambani! Vizuri. Mdomo unafukuza, swii! swii!, vidole vinasuka. Kila siku kidogo, na kila siku hasira yake ikaukaza ukili zaidi.

Siku ya mavuno Pimbi akaja akiburura kanda, gunia la ukili, refu na pana kuliko Fisi mwenyewe. Fisi macho yakamtoka. Ghala zima lingeingia humo!

"Umelisuka saa ngapi?" akanguruma. "Kwa muda wangu! Basi kanda ni langu, na mwaka huu hupati hata punje!"

Pimbi alitamani kumng'ata pua. Akainamisha kichwa. "Ni lako, bwana mkubwa. Hata ule mfupa niliouficha mle ndani, kule chini kabisa, ni wako."

"Mfupa?" Fisi akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akaingia mpaka mkia. Pimbi akachomoa sindano aliyoshonea kanda. Chwi! chwi! chwi! Mdomo wa kanda ukashonwa.

"Pimbi! Hakuna mfupa humu! Nifungulie!"

"Ningekufungulia, bwana," Pimbi akasema. "Lakini wapi! Muda sina."

Fisi akatafuna, akatafuna, lakini ukili uliokazwa kwa hasira haukatiki. Pimbi akaita wanawe. Wakala mtama pale pale ghalani, kru-kru-kru, huku gunia likibingirika na kutukana.

—Hadithi nimeitua!
—Na funzo lake?

Funzo ni hili, wanangu: msijifunze kitu! Mkubwa akikwambia huna muda, mwamini. Kaa, kodolea macho chungu mpaka maji yachemke. Mmeona kujifunza kulivyomponza Fisi wa watu? Maskini, sasa ana muda tele mle ndani, na hajui hata kusuka.