Nyenje Aliyeimba Nyuma ya Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu walioamshwa usingizini. Rudieni. Mimi nimewaitikia wakubwa wa bendi tangu nikiwa na meno yote kinywani, najua kuitika ni nini. Kuitika si kufungua mdomo tu. Haya, paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na mkubwa!

Akala!

Palikuwa na mdogo!

Akaimba!

Hapo sawa. Ketini. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, maana hadithi yenyewe inahusu kutafuna.

Hapo kale, kwenye bwawa moja lenye matope mazuri na mbu wengi, kulikuwa na bendi ikiitwa Tope Jazi. Mwimbaji mkuu alikuwa Kiboko. Mpiga ngoma alikuwa Ngedere. Na nyuma ya Kiboko, nyuma kabisa, pale ambapo Kiboko akitikisa mkia unakupiga usoni, alisimama mwitikiaji. Huyo alikuwa Nyenje, na jina alilopewa na mama yake ni Chausiku.

Chausiku alikuwa mdogo. Ukimtafuta kwa macho humwoni, ukitulia unamsikia. Kiri-kiri-kiri!

Sasa, Kiboko sauti alikuwa nayo, nisimnyime haki yake. Sauti nzito, ikitoka maji yanatetemeka. Ila maneno hakuwa nayo hata moja. Ukimwacha peke yake ataimba "Aaa", na akichangamka sana ataimba "Ooo". Maneno yote ya Tope Jazi yalitoka kichwani mwa Chausiku, na tuni zote pia.

Kwenye bwawa lile walikuwa na desturi ya kutunza. Mwimbaji akimaliza ubeti, waitikiaji wanapokea kiitikio, na hapo wasikilizaji wanatoka wakicheza mpaka mbele kumtunza mwimbaji. Huyu ndizi, huyu tikiti, huyu hindi bichi na maganda yake. Kiboko hakupokea kwa mkono. Alifungua kinywa, gwaa! Wakatupia humo humo. Akafunga, akatafuna, kachu, kachu, kachu. Na kiitikio hakikukatwa mpaka mwimbaji awe amemeza, kwa sababu nani anaweza kuanza ubeti na tikiti mdomoni?

Desturi nyingine ilikuwa ya watunzi. Ubeti wa mwisho mtunzi hujitaja jina, ili wimbo ukienda mbali watu wajue umetoka kwa nani.

Basi ukaja msimu wa mavuno. Chausiku akatunga wimbo wa mavuno, na ubeti wa mwisho akajitaja. Akampa Kiboko. Kiboko akausikiliza mpaka mwisho, akakunja uso.

"Huyu Chausiku ni nani?"

"Ni mimi, bwana."

"Wewe unaimba huu wimbo?"

"Ninauitikia, bwana. Na nimeutunga."

"Basi mimi ndiye ninayeuimba. Toa hilo jina, weka langu."

Chausiku akatunga, Kiboko akaimba, wasikilizaji wakatunza, Kiboko akala. Mwisho wa sherehe umati mzima ukapiga kelele, "Kiboko! Kiboko!"

Chausiku akavuka bwawa juu ya jani kwenda kwa mama yake. Mama alikaa ng'ambo, kwenye ufa wa kichuguu, mzee, mbawa zimemkauka. Na nyenje, kwa msiojua, masikio yao yako miguuni, chini kidogo ya goti. Msicheke, waulizeni walimu wenu. Miguu ya mama ilikuwa inamwuma, na kila ilivyozidi kumwuma, ndivyo alivyozidi kutosikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilinyoosha mguu nje nikasikiliza. Nimesikia wakimtaja Kiboko. Wewe uliimba wakati gani?"

"Niliimba, mama."

"Labda mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi," mama akasema. "Wakati mwingine nitanyoosha ule mwingine."

Ikaja harusi ya Swala. Chausiku akatunga wimbo wa harusi, na ubeti wa mwisho akajitaja, maana moyo haukomi. Kiboko akasema, "Toa hilo jina, weka langu." Chausiku akatunga, Kiboko akaimba, wasikilizaji wakatunza, Kiboko akala. "Kiboko! Kiboko!"

Chausiku akavuka bwawa.

"Nilinyoosha mguu ule mwingine," mama akasema. "Nimesikia wakimtaja Kiboko. Mwanangu, usinifiche. Kweli uko kwenye bendi?"

Chausiku aliumia, lakini alikuwa amechoka hata machozi hayakutoka. Nyenje huimba kwa kusugua mbawa, na mbawa zake zilikuwa zimeanza kuchanika pembeni. Masikio ya mama nayo yalikuwa yanazimika. Akaona wazi kabisa kwamba mama atakufa akidhani mwanawe alimdanganya. Hicho ndicho kilichomkosesha usingizi, si ndizi wala tikiti.

Kesho yake alikuwa anarudi kazini akijikokota, akawakuta watoto wa jamaa za Swala wanacheza njiani. Walikuwa wanaimba ule wimbo wa harusi. Chausiku akasimama kusikiliza. Waliimba kiitikio. Wakamaliza, wakaanza tena kiitikio.

"Na beti je?" akawauliza.

Watoto wakatazamana. "Beti gani, shangazi?"

Chausiku alikuwa amezihangaikia beti zile mpaka kichwa kikamwuma. Akakaa juu ya jiwe, akacheka, kicheko kidogo tu, cha mtu aliyechoka. Akaondoka.

Mvua za kwanza zikakaribia, na sherehe ya mvua ndiyo kubwa kuliko zote. Wanyama wanatoka hata huko mabondeni. Kiboko akamwita.

"Chausiku! Safari hii sitaki jina langu liwe mwisho peke yake. Nataka kila ubeti unitaje. Mwanzo Kiboko, katikati Kiboko, mwisho Kiboko!"

"Sawa, bwana. Kila ubeti."

Akamtungia hivi:

*Kiboko mwenye kishindo, kishindo cha radi kuu,*
*Kiboko mwenye mgongo, mgongo wa jiwe kuu!*

Na beti nyingine zikafuata, ndefu, za kupanda na kushuka, kila moja Kiboko huku na Kiboko kule. Kiboko akafurahi mpaka akapiga miayo ya raha.

"Na kiitikio kinasemaje?"

"Kiitikio ni kidogo tu, bwana, ni chetu sisi wa nyuma. Wewe wakati huo utakuwa unatunzwa."

"Kweli," Kiboko akasema. "Nitakuwa ninakula. Cha wa nyuma kisinisumbue."

Wakaanza mazoezi. Kiboko alikuwa akimaliza ubeti anajitupa majini kupoza koo, chubwi! Kichwa chini, masikio chini. Kiitikio kikaimbwa juu ya maji, naye akaibuka kimekwisha. Ngedere alikisikia. Alikodoa macho, akamtazama Chausiku, kisha akainamia ngoma yake akaipiga kwa nguvu zaidi. Ngedere naye hakuwahi kutajwa hata siku moja.

Siku ya sherehe ikafika. Alasiri, mawingu yamejaa, wanyama wamejaa. Ngedere akaanza: ndi, ndi, ndi! Kiboko akatoka mbele, akavuta pumzi:

*Kiboko mwenye kishindo, kishindo cha radi kuu,*
*Kiboko mwenye mgongo, mgongo wa jiwe kuu!*

Na nyuma, Chausiku akapokea, kiri-kiri-kiri:

*Ee Chausiku, Chausiku,*
*mama yako anasikia!*

Kilikuwa kiitikio chepesi, hata mtoto wa jana angekishika. Wasikilizaji wakakipenda hapo hapo, wakatoka kutunza. Gwaa! Kinywa kikafunguka, tikiti likaingia. Kachu, kachu, kachu. Na nyinyi mnajua, ukitafuna kitu kigumu husikii hata ukiitwa jina lako. Kiboko alisikia tikiti tu.

*Ee Chausiku, Chausiku,*
*mama yako anasikia!*

Kila alipotaka kumeza, wakamwongezea. Angeweza kufunga kinywa, nani alimlazimisha? Lakini akaona ndizi inakuja, gwaa! Akaona hindi linakuja, gwaa! Na kadiri alivyokula, ndivyo kiitikio kilivyorefuka, maana hakikatwi mpaka mwimbaji awe amemeza. Umati ukakichukua. Pundamilia wakakiimba, kima wakakiimba juu ya miti, vyura wote wa bwawa wakakiimba. Chausiku mwenyewe akawa hasikiki tena, na safari hii hakujali.

Mwishowe Kiboko akameza, gudu! Masikio yakafunguka.

"Nani huyo Chausiku?" akamwuliza Ngedere.

"Si huyu tunayemwimba?" Ngedere akajibu, mikono iko kwenye ngoma.

Kiboko akageukia umati. Akavuta pumzi yote aliyokuwa nayo, akanguruma, "Nyamazeni!"

Sasa hao ni wasikilizaji wa Tope Jazi. Wamezoea nini? Mkubwa akitoa sauti mbele, wao wanaitikia. Wakadhani ni ubeti mpya.

*Ee Chausiku, Chausiku,*
*mama yako anasikia!*

"Nimesema acheni!"

*Ee Chausiku, Chausiku,*
*mama yako anasikia!*

"Huo si wimbo! Mimi ndiye Kiboko!"

"Ubeti huu mtamu," Pundamilia mmoja akamwambia mwenzake, na wote kwa pamoja:

*Ee Chausiku, Chausiku,*
*mama yako anasikia!*

Kiboko akafungua kinywa, akakifunga. Akaona kila neno litakalotoka litaitikiwa vile vile. Akarudi nyuma, akajitupa majini, chubwi! Tangu siku hiyo kutwa nzima yumo majini, ametoa pua na masikio tu, anasikilizia kama wamemaliza. Jua likitua akitoka kula majani, anakuta ndiyo kwanza nyenje wanaanza.

Chausiku je? Umati ulimtafuta umtunze, haukumwona. Alikuwa juu ya jani lake, anavuka bwawa, mvua imeanza kumdondokea. Njia nzima alikuwa na hofu moja tu: pengine mama alichelewa kunyoosha mguu, au miguu yote miwili imekufa ganzi.

Akafika kwenye ufa wa kichuguu. Mama amekaa mlangoni, miguu yote ameitoa nje, yote, inalowa mvua.

"Mama, ingia ndani, utaumwa."

"Nimesikia," mama akasema.

"Umesikia nini, mama?"

"Nimesikia jina nililokupa mimi. Bwawa zima. Hata vyura, ambao huwa siwapendi."

Chausiku akakaa chini. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na beti ulizionaje?"

"Kumbe kulikuwa na beti?"

Wakacheka wote wawili, mpaka mama akashika kiuno. Halafu mama akamtazama zile mbawa zilizochanika.

"Umechoka, mwanangu."

"Nimechoka, mama. Nimechoka sana."

"Basi lala hapa."

Chausiku akajilaza ubavuni mwa mama yake. Na mama, kwa mbawa zake zilizokauka, akakianza kile kiitikio. Alikiimba vibaya. Tuni ilimponyoka, na maneno akayabadilisha. Chausiku angeweza kumsaidia, kumpokea hapa na pale, kama alivyowapokea wengine siku zote. Hakumpokea. Mtu mwingine aliimba, yeye akanyamaza, akalala.

Hadithi yangu imefika mwisho wake. Kama imewakolea, igawaneni. Kama imewachachia, niachieni mimi, nimeshazoea kubaki na vyombo.

Sasa lile funzo, maana najua mama zenu watawauliza. Funzo ni hili: wimbo ni wa aliye mbele. Aliye nyuma asijitaje, ni utovu wa adabu. Mkitunga kitu kizuri mpeni mkubwa, kisha msimame pale mkia unapofika, na mshukuru. Mmesikia? Na mkiulizwa nyumbani nani amewatungia hadithi hii, semeni Kiboko.

Mbona mnatazamana? Nendeni mkalale.

*Ee Chausiku, Chausiku...*

Nyamazeni!

*...mama yako anasikia!*