Hodi ya Mara ya Nne

Nipeni masikio yenu. Kisa changu cha leo hakina sungura wala fisi. Kina watu, na watu ndio wagumu kuwaamulia.

Ulikuwa mwaka ule wa korona, katika nchi ya mbali, ya baridi, ambako vijana wanne wa kwetu walikwenda kusoma chuo kikuu. Mwanakheri wa Pemba alijaliwa sikio. Alikutambua kwa mburuto wa kandambili zako. Makoye wa Shinyanga alijaliwa mgongo. Gunia la mahindi kwake lilikuwa mchezo. Anyelwisye wa Tukuyu alijaliwa ulimi, na lugha ya wenyeji aliizungumza hadi wenyewe wakamshangaa. Wa nne ni Zuhura wa Tanga. Huyu alijaliwa marafiki, na humo ndimo ulimotoka mtihani wake.

Chuo kikafungwa. Wenyeji wakarudi kwa mama zao. Wageni wakabaki bwenini, kila mtu na chumba chake, kutembeleana marufuku. Zuhura na Mwanakheri walitenganishwa na ukuta tu. Basi kila asubuhi Zuhura aligonga ukuta, na mwenzake akajibu kwa kugonga. Hiyo ndiyo ilikuwa umeamkaje yao.

Asubuhi moja Zuhura hakugonga. Homa ilikuwa imemlaza, kifua kimembana, hata kuinua mkono hawezi. Mwanakheri akausikia ule ukimya. Akavunja marufuku, akaja mlangoni.

"Hodi! Hodi, Zuhura! Hodi humu ndani!"

Zuhura alisikia. Aliita "karibu" kwa nguvu zake zote, sauti haikuvuka meno. Sasa, Mwanakheri ni mtoto aliyelelewa: hodi tatu usipojibiwa, unarudi ulikotoka. Zuhura akazisikia kandambili zikiondoka, chwa, chwa, chwa. Akajua amekufa.

Mchana ulikuwa umeshaingia Mwanakheri aliporudi, anajisemea kwa hasira, "Adabu gani hii ya kumbishia hodi mgonjwa!" Akasukuma mlango, ukafunguka. Haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Muda wote ule ulikuwa wa kusukuma tu. Alipoiona midomo ya rafiki yake imekuwa rangi ya majivu, akapiga ukelele: "Makoye! Njoo, Zuhura anatutoka!"

Makoye alikuja mbio, hata barakoa hakuvaa. Lifti ilikuwa imezimwa. Akambeba mgongoni kama mama abebavyo mwana, akashuka naye ghorofa baada ya ghorofa, Zuhura akimkoholea shingoni.

"Kohoa tu, dada," alisema. "Shingo ni yangu."

Hazikupita siku nyingi naye akalazwa na homa ileile. Aliinuka, lakini kifua chake hakijatulia mpaka leo.

Chini, ukumbini, ndiko mtandao ulikokuwa na nguvu. Anyelwisye alikuwa ameketi huko na simu mkononi, na ndani ya simu walikuwa wanamzika baba yake. Zuhura aliliona jeneza juu ya bega la Makoye. Lilikuwa bado halijashushwa.

"Ndugu yangu," Makoye akasema, "mimi hospitali hawatanielewa."

Anyelwisye akaitazama simu, akamtazama Zuhura. Akakata, akapiga hospitali. Wakamjibu vitanda vimejaa. Akasihi, akabembeleza, akagomba, akadai aitiwe mkubwa wa zamu, akaanza upya, hadi gari likaja. Alipowapigia tena watu wa nyumbani, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Zuhura akapona. Ndipo ikaja habari kwamba ndege moja itawachukua watu wa kwetu, kisha anga linafungwa, na hakuna ajuaye hadi lini. Viti vimejaa, ila mgonjwa aliyetoka hospitali anaruhusiwa msindikizaji mmoja. Amtaje mwenyewe.

Maskini Zuhura! Kila chakula kikamshinda. Bila sikio la Mwanakheri angeozea chumbani. Na Mwanakheri ana mtoto nyumbani ambaye siku hizi anamwita bibi yake mama. Lakini zile kandambili? "Siku ile ulinisikia nikibisha hodi?" Mwanakheri aliwahi kumuuliza. "Sikusikia kitu," Zuhura akamjibu, na huo ulikuwa uongo. Makoye naye alimpa kifua chake. Lakini mwenye kikohozi anaweza kurudishwa mlangoni mwa ndege, na kiti kikaenda bure. Anyelwisye alimpa mazishi ya baba yake, na mama yake amebaki mjane, peke yake. Lakini mwenye ulimi hafi njaa ugenini. Au ndiyo aadhibiwe kwa kipaji chake?

Siku ya safari wale watatu walikaa chumbani kwa Mwanakheri, kila mmoja na begi lake limeshafungwa. Msinitazame hivyo. Mlitaka waseme "mchukue mwenzangu"? Hakuna aliyesema. Nyumbani ni nyumbani, hata kama ni pangoni.

Nje dereva akapiga honi. Zuhura akasimama mlangoni mwao.

"Hodi."

"Karibu!" wakajibu wote watatu, kwa mkupuo mmoja.

Mkono wake uko kwenye kitasa. Akiingia, sharti aingie na jina moja mdomoni, na dereva hasubiri. Je, ungekuwa wewe, ungemtaja nani? Na wale wawili wanaobaki, ungewaaga kwa neno gani?