Nani Mwenyewe wa Nyimbo?

Kaeni, kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, benchi haling'ati. Mimi sijasoma, mnajua. Darasa la tatu niliishia mlangoni. Lakini mdomo huu umehubiri mikoa yote ya nchi hii, na mmoja ambao serikali bado haijautangaza. Siku nilipohubiri Chunya, mbuzi waliacha kula wakasimama kusikiliza. Kwa hiyo leo nikiwaambia kitu, sikilizeni, maana hata mimi mwenyewe kimenikosesha raha wiki nzima.

Palikuwa na bwana mmoja huku huku kwetu kwenye mvua, upande wa Tukuyu. Fundi redio. Bwana huyu alikuwa na blogu. Bibi zangu hapo mbele, msitishwe na neno. Blogu ni ukurasa wa kwenye simu. Mtu anaweka vitu vyake, dunia nzima inakuja kuchungulia. Yeye aliweka nyimbo. Nyimbo za kwaya za zamani, za wakati wa kanda, nusu yenu mlikuwa bado hamjazaliwa. Anapita nyumba kwa nyumba, anazitoa kanda chini ya vitanda. Zimeingia mende, zimepigwa masizi. Anafungua na bisibisi, anapangusa kwa pamba na spiriti, anazungusha utepe kwa kalamu, anaingiza kwenye kompyuta. Nawaambia, kanda iliyokufa mwaka themanini na mbili ilifika kwake ikafufuka ikaimba mpaka ubeti wa nne! Nyimbo elfu sita. Mimi naona zilikuwa elfu kumi, yeye alikuwa mnyenyekevu tu.

Watu wakawa wanapakua bure. Wauguzi, walinzi, vijana wetu waliokwenda kusoma Urusi kwenye barafu. Juu ya kila wimbo ameandika jina la kwaya, akilijua. Jina la aliyetunga? Hakuna. Namba ya simu ya kumtafutia yeye mwenye blogu? Ilikuwepo, akaifuta. Kwa nini? Kwa sababu siku moja mtu alimpigia akamuuliza kwa upole, "Samahani kaka, hizi ulimwomba nani?" Siku hiyo hiyo akafuta namba. Niambieni ninyi: mtu anayefuta namba yake anamkimbia nani?

Sasa, blogu haikai hewani. Inakaa kwa watu. Kuna kampuni huko ng'ambo ina mitambo, mtambo mmoja tu ni mkubwa kama Rungwe nzima na mlima wake. Wao ndio wanaokupa chumba cha kuweka vitu vyako. Wewe ni mpangaji tu. Na aliyekupa chumba anaweza kukwambia toka.

Jumatatu asubuhi bwana yule yuko mezani, ana chai na ndizi za kuchemsha. Simu ikalia, ting! Akatazama. Wimbo mmoja umeshushwa, na maneno yameandikwa kwa Kiswahili kile cha mashine: "Mwenyewe amelalamika. Hili ni lalamiko la tatu. Likithibitika, ukurasa wote utafutwa."

Wote! Si wimbo mmoja, wote! Malalamiko mawili ya kwanza alikuwa ameyaona akayapita, kama unavyopita mlevi njiani. Na zile kanda ziko wapi? Zilipigwa mara ya mwisho, utepe ukakatika, akazitupa. Kompyuta je? Radi ilishaila mwaka jana, na mnajua radi za kwetu. Kwa hiyo sauti za watu wale, na wengi wao wako makaburini, zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu chini ya jua. Mahali penyewe ndipo hapo panapotaka kufutwa.

Mkewe akamwangalia. "Baba Tusekile, ndizi zinapoa."

"Ndizi gani, mama? Mimi naondolewa duniani!"

"Na nani?"

"Sijui! Wameandika mwenyewe. Mwenyewe nani?"

"Si umtafute umuulize."

"Nimtafute nimwambie nini? Kwamba niko hapa, njoo unikamate?"

"Wewe redio za watu unazirudisha na waya wake na betri zake. Nyimbo za watu ndiyo unaona haya?"

Akaisukuma sahani, akatoka nje.

Hofu ikaanza kumla. Simu ya jirani ikilia ting, yeye anaruka. Kijiko kikigonga glasi, anashika mfuko. Akaanza kumshuku katibu wa kwaya, akamshuku fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, akamshuku hata shemeji yake ambaye simu yake ni ya tochi. Kwa siku moja na nusu alikonda mpaka mkanda ukamzunguka kiuno mara mbili, na kipande kilichobaki kinatosha kufungia kuni.

Jumanne mchana ikaja fomu kwenye simu. Fupi. Swali moja: "Je, wewe ni mwenyewe?" Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

Haya, ninyi. Mtu akikupigia akauliza, "Naongea na Baba Tusekile?" unajibuje? Si unasema, "Ndiye, mimi mwenyewe!" Bwana yule akadhani wanahakikisha kama ni yeye aliyeshika simu, isije ikawa imeibwa. Akacheka peke yake. "Sasa nani mwingine?" Akabonyeza Ndiyo. Akaandika majina yake matatu, na namba.

Haikupita saa, wimbo ukarudi! Akaita chakula. Akala ndizi za Jumatatu na za Jumanne.

Jumatano asubuhi, ting! "Asante. Umeapa kwamba nyimbo hizi ni mali yako. Mlalamikaji naye ameapa kwamba ni zake. Namba yake ni hii. Zungumzeni. Mna mpaka Ijumaa saa sita mchana." Na chini kabisa kuna kitufe kingine: "Badilisha jibu."

Akasoma tena, neno kwa neno. Kumbe hawakuuliza kama ni yeye. Waliuliza kama ni mali yake! Jamani hiki Kiswahili chetu: neno moja lina milango miwili, mtu anaingilia wa jikoni akidhani yuko sebuleni.

Mpaka hapo alikuwa amekosa? Mimi nasema hapana. Hapo aliteleza tu. Mungu hamfungi mtu kwa kuteleza. Angekuwa anafanya hivyo, mimi ningekuwa nahubiri kutoka gerezani. Lakini sasa ameshajua. Na kitufe cha kubadilisha kipo, kinamtazama. Kidole kikaenda, kikarudi. Kikaenda, kikarudi. Anawaza, nikisema si zangu, lalamiko limethibitika, nyimbo elfu sita kwisha. Akaifunika simu kwa kitambaa cha meza, kama maiti.

Alhamisi mkewe akamshika mkono. "Piga." Akapiga.

Ikapokea sauti ya mama mtu mzima, kutoka Makete huko kwenye baridi. Nyuma yake kuku wanatetea, mtu anapasua kuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nani mwenzangu?"

"Ni mimi... yule wa nyimbo."

Mama akacheka. "Ahaa! Baba, wewe ni mgumu kupatikana kuliko daktari wa meno. Mimi nilikuwa mwalimu wa kwaya hapa. Nyimbo ishirini na mbili kati ya hizo ulizoweka nimetunga mimi, nikiwa nalima, nikiwa nachota maji."

"Mama, mimi nilizikuta zimekufa, nikazisafisha..."

"Nimesikia. Umezisafisha vizuri, mpaka kikohozi cha mzee wetu wa besi nimekitambua, Mungu amrehemu. Mimi nina swali moja tu, baba. Umeandika kule kwamba wewe ndiye mwenyewe. Ni kweli?"

Ndugu zangu, simameni hapo na bwana yule. Jasho linamtoka kama yuko Kyela mwezi wa kumi na mbili. Akisema hapana, anaona amekwisha. Akisema ndiyo, anamwambia mzazi wa mtoto kwamba mtoto ni wake yeye. Mkewe anamtikisia kichwa: sema, sema ukweli.

"Mama... bila mimi zisingekuwepo. Mimi ndiye niliyezifufua. Kwa hiyo, ukiangalia hivyo... ndiyo. Mimi ndiye mwenyewe."

"Haya, baba. Nimekusikia." Akakata.

Ijumaa saa sita kamili akafungua ukurasa. Mweupe. Mweupe kama sanda. Elfu sita, zote, zimekwenda. Alipiga kelele wakaisikia mpaka Busokelo, mimi nilikuwa naoga nikaisikia.

Akampigia yule mama kwa hasira. "Mama, umeniua! Umeua mpaka nyimbo zako! Umepata faida gani?"

Mama yule akawa analia. "Baba, mimi sikutaka zishushwe. Miaka mitatu nakutafuta nikushukuru, nikupe na majina ya waimbaji wangu uyaandike. Hukuweka namba. Mjukuu wangu akasema, bibi, njia ya kumfikia ni moja tu, lalamika. Nikalalamika, hukujibu. Nikalalamika tena, hukujibu. Mara ya tatu wale watu wakaniuliza: akikiri kwamba si zake, utamruhusu aendelee nazo, na haya malalamiko yako utayaondoa? Nikasema ndiyo. Ruhusa nilishaisaini Jumanne, baba. Ilikuwa inasubiri neno lako; saa ikafika hujalisema, lalamiko likathibitika."

"Sasa kwa nini jana hukuniambia?"

"Nilikuuliza, baba."

Nilikuuliza!

Naona mnamsikitikia bwana yule. Msimsikitikie yeye, jisikitikieni. Sisi hatuna blogu, lakini hatuna kitu ambacho hatujakiandika jina letu. "Shamba langu," na mvua uliinyesha wewe? "Watoto wangu, nitawafanya nitakavyo." Uliwashona kwa sindano? Kuna mtu ana uzee wa kanisa miaka kumi na tisa, ukimwambia apumzike anakuuliza, "Kanisa litabaki na nani?" Lina mwenyewe, mzee! Lina mwenyewe, na siyo wewe!

Na mwanzoni tuliteleza tu. Tulizoea kutumia, kutumia kukageuka kumiliki, hatukuona mlango tulioingilia. Hilo linasameheka hata kabla hujamaliza kuliomba. Lakini siku umeshajua, mwenyewe anakupigia, anakuuliza polepole kabisa, hata sauti hapandishi: ni kweli hiki ni chako? Unamjibu nini?

Tunaogopa. Mimi nawajua, nami naogopa, pamoja na kwamba simba wa Ruaha waliniona wakapisha njia. Tunadhani tukisema "si changu" tutabaki watupu, tutafutwa. Kumbe kukiri hakujamfuta mtu hata mmoja. Kinachotufuta ni kule kung'ang'ania. Ruhusa ilishasainiwa, ndugu zangu, tena haikusainiwa kwa wino. Ilisainiwa msalabani, na imekaa pale inangoja neno letu moja. Bwana yule angalau aliandikiwa: Ijumaa, saa sita. Wewe yako umeandikiwa? Unajua ni Ijumaa ipi? Mimi jana nimetoka kuzika mtu aliyekuwa na miadi Jumatatu.

Kwa hiyo hatuendi nyumbani bado. Inukeni. Weka mkono kifuani, mwambie yeye, si mimi: "Bwana, si changu, ni chako."

Tena.

Nawasikia akina mama. Akina baba, sijawasikia.